Boti yenye injini ya supachaja

Boti yenye injini ya supachaja ni boti ya mwendo kasi ambayo injini yake husukumiwa hewa na pampu inayozungushwa na injini hiyohiyo. Pampu hiyo ndiyo huitwa supachaja. Kazi yake ni kuingiza ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huweza kuungua katika kila mzunguko, na injini ndogo hutoa nguvu ya injini kubwa.

Katika Afrika Mashariki boti za namna hii ni chache. Boti nyingi za wavuvi, za abiria na za doria hutumia injini za kupachika zisizo na supachaja. Zenye supachaja ni zaidi boti za starehe, boti za uvuvi wa michezo na pikipiki za maji. Bei ya kununua chombo cha aina hii hulipwa mara moja, lakini mafuta, oili, spea na fundi mwenye ujuzi huhitajika kwa muda wote wa kukimiliki. Kwa sababu hiyo mnunuzi hulazimika kupima mambo matatu pamoja na bei: maji atakayoendeshea boti, mafuta yanayopatikana karibu na maji hayo, na fundi anayeifahamu injini yenyewe.

Namna inavyofanya kazi

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kuongeza mafuta ndani ya silinda ni kazi nyepesi, kwa kuwa pampu ya mafuta na noseli huweza kuyapeleka kadiri yanavyotakiwa. Ugumu uko kwenye kuongeza hewa. Katika injini ya kawaida, pistoni inaposhuka huacha nafasi, na kanieneo ya angahewa ndiyo inayosukuma hewa kuijaza nafasi hiyo. Kwenye usawa wa bahari kanieneo hiyo ni takriban baa 1, na injini haiwezi kupata zaidi ya hapo bila msaada.

Supachaja ndiyo msaada huo. Huzungushwa kwa mkanda au kwa gia kutoka kwenye shafti kuu ya injini, na huisukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Nyongeza ya kanieneo katika injini nyingi za boti ni sehemu ya baa, aghalabu kati ya baa 0.3 na baa 1. Nyongeza ya baa 0.5 humaanisha kwamba silinda hupokea hewa karibu mara moja na nusu ya kawaida, kama hewa hiyo ingebaki na joto lilelile.

Lakini hewa inapogandamizwa hupata joto, kama inavyotokea kwenye pampu ya baiskeli inayotumika kwa muda mrefu. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikiongezewa kanieneo ya baa 0.7 huweza kutoka kwenye supachaja ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Hewa moto hutanuka, na hivyo sehemu ya faida hupotea. Kwa sababu hiyo injini nyingi zenye supachaja huwa na kipoza hewa kati ya supachaja na silinda. Kwenye gari kifaa hicho hupozwa na upepo. Kwenye boti mara nyingi hupozwa na maji ya bahari au ya ziwa yanayovutwa kutoka nje.

Tatizo la pili ni kugonga kwa injini. Mchanganyiko wenye joto na kanieneo kubwa huweza kulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia wote. Mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni, na ukiendelea huweza kukitoboa au kuvunja pete zake. Ndiyo maana watengenezaji wa injini hizi huelekeza petroli yenye namba ya okteni iliyo juu, na namba hiyo huandikwa kwenye kitabu cha injini.

Tena, supachaja haitoi nguvu bure. Inazungushwa na injini, kwa hiyo sehemu ya nguvu inayozalishwa hurudi kuizungusha. Katika injini kubwa sehemu hiyo hufikia makumi ya nguvu farasi (hp) inapoendeshwa kwa kasi ya juu kabisa.

Aina za supachaja

Supachaja ya Roots ina shafti mbili zenye mabawa yanayopishana ndani ya sanduku moja. Mabawa hayo huchota hewa upande mmoja na kuitupa upande wa pili. Husukuma vizuri hata injini ikiwa katika mzunguko mdogo, ila hupasha hewa joto kuliko aina nyingine.

Supachaja ya parafujo hufanana na ya Roots kwa nje, lakini shafti zake zimechongwa kama parafujo mbili zinazoshikana. Hewa hugandamizwa ndani ya sanduku lenyewe kabla ya kutoka, na joto linalopatikana ni dogo zaidi.

Supachaja ya mzunguko ina gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi kubwa sana na kuirusha hewa pembeni. Nguvu yake huongezeka kadiri injini inavyozidi kuzunguka; mwendo ukiwa mdogo mchango wake ni mdogo. Aina hii hutumika katika pikipiki za maji zenye supachaja.

Supachaja hutofautiana na tabo. Tabo pia husukuma hewa, lakini huzungushwa na moshi wa ekzosi na si kwa mkanda au gia. Tabo hutumia nguvu ambayo ingepotea, na ndiyo maana imeenea katika dizeli za meli, malori na boti za kazi. Supachaja kwa upande wake huitikia mara moja dereva anapoongeza mafuta, kwa kuwa imefungamana na mzunguko wa injini. Mnunuzi anayeambiwa kwamba injini ina supachaja anapaswa kuuliza ni ipi kati ya hizi, kwa kuwa matunzo yake si sawa.

Historia

Pampu ya mabawa mawili ilipewa hataza mwaka 1860 na ndugu Philander na Francis Roots wa Connersville katika jimbo la Indiana, Marekani. Ilitumika kwanza kupuliza hewa kwenye tanuri za kuyeyusha chuma, kabla ya injini za petroli kuenea. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipata hataza ya namna ya kuisukumia injini hewa. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya mfumo unaotumia moshi wa ekzosi, ambao ndio asili ya tabo.

Supachaja ilikua haraka kwa sababu ya ndege. Ndege inapopanda, hewa huwa nyembamba na injini hupungukiwa nguvu. Pampu ya kuongeza hewa iliiwezesha kuruka juu zaidi. Kutoka kwenye ndege injini hizo zilihamia kwenye boti za mashindano. Boti ya Uingereza Miss England II ilikuwa na injini mbili za ndege za Rolls-Royce aina ya R zenye supachaja. Tarehe 13 Juni 1930, kwenye ziwa Windermere, Henry Segrave aliweka nayo rekodi ya dunia ya karibu kilomita 159 kwa saa. Siku hiyohiyo boti hiyo ilipinduka, na Segrave alifariki kutokana na majeraha yake. Inaaminika kwamba iligonga gogo lililokuwa likielea. Mwaka 1932 Gar Wood wa Marekani alivuka kilomita 200 kwa saa kwa Miss America X, boti yenye injini nne za Packard zilizokuwa na supachaja.

Kuanzia mwaka 1938 kampuni ya General Motors ilitoa dizeli za mipigo miwili za mfululizo wa 71, ambazo zilitumika sana katika boti za kazi na za kijeshi. Zilikuwa na pampu ya Roots, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza moshi ndani ya silinda na kuingiza hewa safi. Mafundi wa boti na magari ya mashindano waliichukua pampu hiyo na kuipachika juu ya injini za petroli ili kuziongezea nguvu.

Katika injini za kupachika, hatua kubwa ilikuwa mwaka 2004, Mercury Marine ya Marekani ilipotoa Verado yenye silinda sita, ujazo wa lita 2.6 na supachaja. Kuanzia mwaka 2018 kampuni hiyo ilianza kutoa injini mpya zenye ujazo mkubwa, za lita 3.4 na lita 4.6, na Verado mpya za silinda nane zilizofuata hazikuwa na supachaja. Supachaja iliendelea katika injini zake za mashindano. Historia hiyo inaonyesha njia mbili za kufikia nguvu ileile: injini ndogo inayosukumiwa hewa, au injini kubwa inayojivutia yenyewe.

Boti za kasi katika Afrika Mashariki

Boti za kasi zilizojulikana sana katika historia ya eneo hili hazikuwa na supachaja. Ni Mimi na Toutou, boti mbili za Jeshi la Maji la Uingereza zilizoletwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kila moja ilikuwa na urefu wa takriban mita 12 na injini mbili za petroli za hp 100, na ziliweza kufikia karibu noti 19, yaani kilomita 35 kwa saa. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kwa matrekta ya mvuke, kwa maksai na kwa mikono ya maelfu ya wafanyakazi Waafrika kupitia Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa.

Leo injini zinazoonekana zaidi kwenye mialo na bandari ndogo za Tanzania ni za kupachika zenye hp chache hadi hp 100 au zaidi kidogo. Zile za mipigo miwili, kama Yamaha Enduro, zimedumu kwa sababu zina vifaa vichache, hufunguliwa kwa vyombo vya kawaida, na spea zake hupatikana. Mvuvi wa Ziwa Viktoria injini yake ikizima usiku mbali na nchi kavu hahitaji hp 300. Anahitaji injini ambayo yeye au mwenzake anaweza kuiwasha tena.

Mwinuko wa maziwa na nguvu ya injini

Hewa ya nyanda za juu ni nyembamba kuliko ya pwani. Injini isiyo na supachaja hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa maji ya Tanzania hali ni kama ifuatavyo:

- Pwani ya Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar: usawa wa bahari, hakuna upungufu.
- Ziwa Nyasa: chini kidogo ya mita 500, upungufu wa karibu asilimia 5.
- Ziwa Tanganyika: takriban mita 770, upungufu wa karibu asilimia 7 hadi 8.
- Ziwa Viktoria: takriban mita 1,130, upungufu wa zaidi kidogo ya asilimia 10.
- Ziwa Duluti, Tengeru: zaidi ya mita 1,200, upungufu wa takriban asilimia 12.

Kwa hiyo injini ya hp 150 iliyopimwa kwenye usawa wa bahari hutoa karibu hp 133 ikifika Mwanza. Joto la hewa likiwa kubwa, upungufu huongezeka kidogo.

Wauzaji husema mara nyingine kwamba injini ya supachaja haijali mwinuko. Usemi huo una ukweli nusu. Supachaja nayo huvuta hewa ileile nyembamba. Ikiwa mwendo wake umefungwa kwa mkanda bila udhibiti wowote, nguvu yake hupungua vilevile. Injini hufidia upungufu endapo tu imeundwa na akiba, yaani supachaja inayoweza kusukuma zaidi ya mahitaji ya pwani pamoja na vali inayorudisha hewa ya ziada. Vali hiyo ikijifunga zaidi nyanda za juu, kanieneo ndani ya injini hubaki karibu na ileile.

Kwa boti nyingi kuna tiba ya bei ndogo zaidi, nayo ni kubadilisha rafadha. Rafadha iliyochaguliwa kwa pwani huwa nzito kwa injini iliyopungukiwa nguvu, na injini hushindwa kufikia mzunguko uliokusudiwa. Kupunguza mlalo wa mapanga kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Injini inayofanya kazi katika mzunguko wake sahihi hudumu zaidi kuliko inayoburuza mzigo, ingawa kasi ya juu kabisa haitakuwa ile ya pwani.

Kununua

Boti mpya hununuliwa kwa wakala wa mtengenezaji. Iliyotumika mara nyingi huagizwa kutoka nje au hununuliwa kwa mmiliki. Kwa chombo kilichotumika mambo yafuatayo hukaguliwa kabla ya fedha kutolewa:

Ganda. Boti nyingi za kasi hujengwa kwa faiba. Hukaguliwa kwa kugongagonga: sauti kavu humaanisha faiba nzima, sauti ya kufa huweza kumaanisha kwamba maji yameingia ndani. Ukuta wa nyuma unaobeba injini ndio huoza kwanza, hasa ukiwa na ubao katikati.

Kibao cha uwezo. Boti ndogo nyingi zina kibao kinachotaja hp ya juu inayoruhusiwa na uzito wa juu wa watu na mizigo. Injini inayozidi kiwango hicho hukandamiza shetri na huweza kuivunja. Uzito nao huhesabiwa: Verado ya lita 2.6 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 290, ambao ni sawa na watu wazima wanne waliokaa kwenye ncha ya nyuma kabisa.

Saa za injini. Umri wa injini ya boti huhesabiwa kwa saa, si kwa kilomita. Injini za kisasa huhifadhi saa hizo kwenye kompyuta yake, pamoja na rekodi ya mzunguko iliyotumika. Saa 300 za mwendo wa wastani ni afadhali kuliko saa 150 za mwendo wa juu kabisa.

Mgandamizo wa silinda. Kila silinda hupimwa, na tofauti kubwa kati yake ni dalili ya pete au vali iliyochoka.

Supachaja yenyewe. Shafti yake haitakiwi kucheza inapotikiswa kwa mkono, na ndani ya bomba la hewa hakutakiwi kuwa na oili nyingi wala unga wa chuma. Katika baadhi ya pikipiki za maji za miaka ya 2000 klachi ya supachaja ilikuwa na washa za kauri. Zilipopasuka, vipande vyake viliingia kwenye oili na kuharibu injini nzima, na baadaye washa za chuma zilichukua nafasi yake. Mnunuzi wa chombo cha miaka hiyo huomba ushahidi kwamba zilikwisha badilishwa.

Jaribio majini. Injini inayowaka vizuri ikiwa juu ya trela huweza kuwa na joto kupita kiasi ikibeba mzigo. Boti hujaribiwa ikiwa na watu na mafuta, kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa juu.

Hati. Namba ya ganda na namba ya injini zilinganishwe na zile zilizo kwenye mkataba wa mauzo na hati za forodha. Chombo kisicho na hati za kulipiwa ushuru kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) humtia mmiliki mpya katika deni ambalo si lake.

Gharama za kumiliki

Mafuta. Kwa makisio, injini ya petroli ya mipigo minne inayoendeshwa kwa nguvu yake yote hutumia takriban lita 0.35 kwa kila hp kwa saa. Injini ya hp 75 hutumia karibu lita 26 kwa saa, na ya hp 300 hutumia karibu lita 105. Tangi la lita 200 linalotosha saa saba na nusu kwa ya kwanza haliishi saa mbili kwa ya pili. Katika mwendo wa wastani matumizi hupungua sana, mara nyingi hadi nusu au chini yake. Wasafiri wa boti hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya mafuta ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba.

Matunzo. Watengenezaji wengi huelekeza injini ihudumiwe kila baada ya saa 100 au mara moja kwa mwaka. Oili, chujio, plagi, impela ya pampu ya maji na zinki za kuzuia kutu hukaguliwa au hubadilishwa. Kwenye injini ya supachaja huongezeka mkanda au klachi, beringi za supachaja na kipoza hewa. Pikipiki za maji za aina fulani zilihitaji supachaja ifunguliwe na kuundwa upya kila baada ya saa 100 au 200.

Chumvi. Maji ya bahari hula alumini. Injini iliyotumika baharini husafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya safari, na boti huinuliwa kwenye trela au injini huinamishwa ili isikae majini. Kipoza hewa kikitobolewa na kutu, maji huingia kwenye silinda, na injini huweza kufa mara moja kwa sababu maji hayagandamiziki.

Magugu na nyavu. Kwenye Ziwa Viktoria magugu maji huziba tundu la kuvutia maji ya kupozea, na nyavu zilizotegwa au kutupwa hujizungusha kwenye rafadha. Injini ya kawaida ikikosa maji hupata joto; injini ya supachaja hupata joto hilo mapema zaidi. Kengele ya joto ikilia, injini huzimwa hapohapo.

Usajili na sheria

Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kurithi kazi hiyo kutoka kwa SUMATRA. Boti husajiliwa, hukaguliwa na kupewa cheti kinachotaja idadi ya watu na matumizi yake. Boti ya starehe haigeuki kuwa ya abiria kwa sababu tu mmiliki amepata wateja. Matumizi yakibadilika, ukaguzi na leseni hubadilika. Zanzibar kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA), na Kenya ni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA).

Maeneo ya hifadhi yana masharti yake. Tanzania ina hifadhi za bahari za Kisiwa cha Mafia (1995), Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma (2000) na Silikanti Tanga (2009). Anayetaka kuingiza boti ya kasi humo hupata kibali kwanza, kwa kuwa rafadha na mawimbi huumiza matumbawe, kasa na nguva.

Usalama

Boti haina breki. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: boti iendayo kilomita 80 kwa saa ina nishati mara nne ya ileile ikienda kilomita 40. Kwa kasi hiyo husafiri mita 22 kila sekunde, na gogo, mtumbwi usio na taa au mtu anayeogelea huonekana akiwa amekwisha kukaribia.

Kinga ya kwanza ni jaketi okozi lililovaliwa, kwa kuwa lililofungiwa chini ya kiti halimfai mtu aliyerushwa. Kinga ya pili ni kamba ya kuzimia injini, inayofungwa kwenye mkono au mguu wa dereva. Akitupwa nje, injini huzima. Bila kamba hiyo boti huendelea kuzunguka bila dereva, na rafadha humrudia aliye majini. Kwenye boti yenye injini ndani ya ganda, feni ya kutolea mvuke huwashwa dakika chache kabla ya kuwasha injini, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini. Kizimamoto, redio au simu iliyofungwa isiingie maji, makasia na nanga ni vya lazima hata kwa safari fupi.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husomwa kabla ya kutoka. Baharini upepo wa kusi huleta mawimbi makubwa hasa kati ya Mei na Septemba. Kwenye Ziwa Viktoria dhoruba za radi huzuka usiku na alfajiri kwa muda mfupi. Boti ya kasi haiishindi dhoruba kwa hp. Katika mawimbi makubwa hulazimika kupunguza mwendo kama vyombo vingine.

Maji madogo: mfano wa Ziwa Duluti

Si kila maji yanafaa boti ya kasi. Ziwa Duluti liko Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Ni ziwa la kreta, eneo lake halifiki kilomita ya mraba moja, na limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Wageni hulizunguka kwa miguu au kwa mitumbwi ya kasia.

Boti iendayo kilomita 80 kwa saa humaliza kilomita moja kwa sekunde 45. Kwenye ziwa kama hili ingefika ukingo wa pili kabla dereva hajaiweka sawa, na mawimbi yake yangerudi kutoka kwenye kuta za kreta na kuipindua mitumbwi. Mawimbi hayo pia humomonyoa kingo na kuvuruga viota vya ndege wa majini. Oili inayomwagika kwenye ziwa dogo lisilo na mto wa kuitoa hukaa humo humo.

Mkazi wa Arusha na Meru anayetaka boti ya kasi kwa kawaida hulazimika kuipeleka kwa trela hadi Tanga kwenye bahari au hadi Ziwa Viktoria. Lipo pia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa kwenye mto Pangani katika miaka ya 1960, lakini kina chake hupungua sana wakati wa ukame, na maji yake hutegemewa na wavuvi. Gharama ya trela, gari la kuvuta, mafuta ya barabarani na mahali pa kuegesha huingia katika hesabu ya kumiliki boti. Kwa anayeitumia siku chache kwa mwaka, kukodi hugharimu kidogo kuliko kumiliki. Kwa anayeitumia kila siku kwa kazi, injini isiyo na supachaja, yenye nguvu inayolingana na kibao cha boti na yenye fundi na spea karibu, mara nyingi ndiyo yenye faida zaidi.